Sumu Ilitoka Wapi? Somo juu ya Uchunguzi wa Wataalamu



Katika kijarida hiki makapita waliotangulia walizoea kuandika juu ya nidhamu: kuamka mapema, kufagia bweni, kutochelewa kengele. Leo mimi naandika juu ya uchunguzi, yaani ile kazi wanayoifanya wataalamu wa elimu na wa dawa. Msifikiri nimeacha habari ya nidhamu. Hii nayo ni nidhamu, ila ni nidhamu ya mawazo. Someni polepole, maana kuna maswali mwishoni.

1. JAMBO LILILOTUPATA

Wote mnakumbuka majira ya mvua yaliyopita. Mwenzetu mmoja wa mwaka wa pili alishuka Moba Port siku ya posho kuwasalimia jamaa zake. Akarudi hapa Kirungu siku ya Mungu jioni, akala bukari na ndagala pamoja na rafiki yake wa kitanda cha jirani. Usiku akaanza kuhara na kutapika. Kabla ya mapambazuko macho yake yalikuwa yameingia ndani, na ngozi ya vidole vyake imekunjamana kama ya mzee.

Katika bweni maneno yakaanza kupita kimya kimya: “Wamemulisha sumu.” Tena jina likatajwa. Lilikuwa jina la yule rafiki aliyekula naye. Kulipokucha hakuna aliyetaka kukaa naye mezani. Mtu mmoja akasogeza sahani yake pembeni kwa kijiti. Mimi kapita niliyaona hayo, nikanyamaza. Na kunyamaza kwa kapita ni kukubali.

Mganga wa kituo cha afya alipofika, hakuuliza, “Nani anamuchukia huyu mutoto?” Aliuliza hivi: “Alikunywa mayi gani? Wapi? Siku gani?” Halafu akatugeukia sisi: “Nani mwingine alikula mu chungu kile?” Wanafunzi wawili wakainua mikono. Akawatazama, akawauliza kama tumbo linawauma. Hapana, walikuwa wazima kabisa. Basi akaandika katika daftari lake, akamtia mgonjwa serumu, na habari ya chungu ikaishia pale. Baadaye tulisikia kwamba mgonjwa alikunywa maji ya ziwa pale wanapooshea mitumbwi, bila kuyachemsha. Ilikuwa kolera, ndiyo kipindupindu.

Mgonjwa alipona, mnamwona darasani. Lakini yule aliyeshutumiwa aliugua kwa namna nyingine, na kwa ugonjwa wake hakuna serumu.

Tangu siku ile nimejiuliza jambo moja: lile swali la mganga lilitoka wapi? Nani aliwafundisha waganga wa dunia nzima kuuliza habari ya maji mbele ya habari ya maadui? Nilimwomba mwalimu wetu wa biolojia vitabu, nikasoma. Haya ndiyo niliyoyapata.

2. UCHUNGUZI NI KITU GANI?

Wengi wanadhani uchunguzi ni kukusanya habari nyingi na kuziandika vizuri. Hiyo ni nusu tu. Uchunguzi una hatua tatu.

Ya kwanza: kuona jambo na kulihesabu.
Ya pili: kubahatisha sababu yake. Hapa ndipo tunaposema “labda”.
Ya tatu: kulipeleka lile “labda” mbele ya jaribio ambalo laweza kulishinda. Hapa ndipo tunaposema “tuone”.

Hatua ya tatu ndiyo ngumu, maana kila mtu anapenda wazo lake kama mtoto wake mwenyewe. Mtazame wazo letu la sumu ya jirani. Mgonjwa akifa, tungesema sumu ilikuwa kali. Akipona, tungesema sumu ilikuwa kidogo. Wengine wakila chakula kile kile na kubaki wazima, tungesema sumu ilitiwa upande wake tu. Mnaona? Lo lote litakalotokea, wazo lile haliwezi kushindwa. Tulidhani hiyo ni nguvu yake, kumbe ni udhaifu wake. Wazo lisiloweza kushindwa na kitu cho chote halifundishi kitu cho chote.

Swali la mganga lilikuwa la namna nyingine. Kama chungu ndicho kilichokuwa na ubaya, wote waliokula wangekuwa hatarini. Hawakuugua. Basi wazo la chungu limeshindwa, twende tutafute mahali pengine.

3. LONDON, MWAKA 1854

Zamani hata Ulaya kolera iliwashangaza watu. Ilikuwa ikitoka Asia na kuvuka nchi kwa nchi, ikiua maelfu. Waganga wengi wenye vyeti vikubwa walisema inaletwa na hewa mbaya, ile harufu ya takataka. Wengine walishuku sumu. Ndiyo, wapendwa, katika miji mingine ya Ulaya watu waliwashambulia waganga na kuwapiga, wakisema hao ndio wanaowalisha maskini sumu. Basi tusifikiri ujinga ule ni wa kwetu tu.

Katika mji wa London alikuwako mganga jina lake John Snow. Yeye alisema: ugonjwa huu huanzia tumboni, basi lazima unaingia kwa kinywa, labda unaletwa na maji. Mwaka 1854, mwisho wa mwezi wa nane, kolera ikapiga mtaa wa Soho. Katika siku chache mamia ya watu wakafa, na jumla yao ilipita 600. Snow akatembea nyumba kwa nyumba akiuliza habari ya wafu. Akaona kwamba wengi walikuwa wakichota maji kwenye pampu moja, katika barabara iliyoitwa Broad Street.

Lakini hakuishia pale. Alitafuta pia watu ambao wangeweza kumshinda. Karibu na pampu ile kulikuwa na kiwanda cha pombe: wafanyakazi wake hawakufa kwa kolera. Sababu gani? Walikuwa wakipewa pombe, na kiwanda kilikuwa na kisima chake. Tena alisikia habari ya mama mjane aliyekaa mbali, mtaa wa Hampstead, ambako hakukuwa na kolera. Naye alikufa. Sababu gani? Alikuwa amehama Soho, akayapenda maji ya pampu ile ya zamani, akawa anatumiwa chupa kila siku. Hewa ya Hampstead ilikuwa nzuri. Maji ndiyo yaliyomfuata.

Tarehe 8 ya mwezi wa tisa wakubwa wa mtaa wakaondoa mpini wa pampu. Vitabu vingi husema hapo kolera ikakoma. Lakini Snow mwenyewe aliandika kwa uaminifu kwamba ugonjwa ulikuwa umekwisha kuanza kupungua kabla ya hapo, maana watu wengi walikuwa wamekimbia. Angaliweza kujisifu, naye hakujisifu. Liangalieni jambo hilo.

Uthibitisho wake mkubwa zaidi ulikuwa mwingine. Upande wa kusini wa London kampuni mbili zilileta maji katika mitaa ile ile, pengine nyumba hii kwa kampuni moja na ya jirani kwa kampuni ya pili. Hewa moja, barabara moja, matajiri na maskini wamechanganyika. Kampuni moja ilichota mto Thames pale penye uchafu wa mji. Ya pili ilikuwa imehamisha mahali pake pa kuchota, ikapanda juu ya mto penye maji safi zaidi. Snow akahesabu wafu. Kwa nyumba 10.000 za kampuni ya kwanza, wafu walikuwa 315. Kwa nyumba 10.000 za kampuni ya pili, walikuwa 37. Hesabu hiyo haihitaji maelezo.

Tena kuna mtu mmoja ninayempenda katika habari hii kuliko Snow. Ni mchungaji kijana wa mtaa ule, jina lake Henry Whitehead. Alikuwa akiwatembelea wagonjwa na kuwazika wafu, akawajua wote. Aliposikia wazo la Snow akaona si kweli, akaamua kuchunguza ili aonyeshe kosa lake. Akarudi nyumba zile zile mara nyingi, akiwauliza wajane na yatima. Mwishoni akakiri kwamba Snow alisema kweli. Zaidi ya hayo, yeye ndiye aliyeona ugonjwa ulianzia wapi: mtoto mchanga aliyehara katika nyumba iliyo karibu sana na pampu, na maji ya nepi zake yakamwagwa katika shimo bovu kando ya kisima. Whitehead alianza kama mpinzani na akamaliza kama shahidi. Nauliza: ni wangapi kati yetu wanaoweza kubadilika hivyo bila kuona aibu?

4. MTU MMOJA HATOSHI

Hapa ndugu mmoja atasimama na kusema, kama ninavyosikia kila siku kwenye pipa: “Yaya kapita, mimi minakunywa mayi ya ziwa tangu utoto, na sijagonjwa hata siku moja. Hii mayi ya klore inanuka!”

Ndugu, si wewe wa kwanza. Katika mji wa Munich, Ujerumani, alikuwako mwalimu mkubwa wa elimu ya usafi, Max von Pettenkofer. Hakukubali kwamba mikrobe peke yake yaweza kuleta kolera. Mwaka 1892, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 70, akajaza chombo mikrobe za kolera mbele ya mashahidi, akainywa. Akaharisha kidogo tu, akapona. Akasema: mnaona!

Je, alithibitisha neno gani? Alithibitisha tu kwamba mtu mmoja anaweza kunywa na kupona. Leo tunajua kwamba wengi wanaopata mikrobe ile hawaugui sana, na wengine hawaugui kabisa. Lakini kinyesi chao chaweza kuipeleka kwa jirani. Ndiyo maana wataalamu hawahesabu mtu mmoja, wanahesabu mamia na maelfu. Ukisema “mimi sijagonjwa”, umetoa hesabu ya mtu mmoja. Hesabu ya mtu mmoja ni ndogo kuliko zote.

5. SUMU YENYEWE

Mikrobe ile iliitwa Vibrio cholerae. Mtu wa Italia, Filippo Pacini, aliiona kwa darubini mwaka 1854, mwaka ule ule wa pampu ya Snow, lakini watu hawakumsikiliza. Robert Koch wa Ujerumani aliitafuta Misri mwaka 1883, akaendelea mpaka India, na mwaka 1884 akaitangaza mbele ya dunia.

Lakini swali moja lilibaki. Mikrobe ile haitafuni utumbo wala kuutoboa. Sasa inauaje? Jibu lilitoka Calcutta, India, mwaka 1959. Mtaalamu Sambhu Nath De alionyesha kwamba mikrobe ikiwa ndani ya utumbo hutoa sumu. Sumu hiyo huufanya utumbo kumwaga maji ya mwili nje, litre kwa litre, maji meupe kama ya kuoshea mchele. Mtu aweza kufa katika saa chache, si kwa kuoza tumbo, bali kwa kukauka.

Niliposoma hayo niliweka kitabu chini. Kumbe bweni letu lilisema nusu ya kweli: sumu ilikuwamo. Ila haikutiwa na mkono wa rafiki. Ilitengenezwa ndani ya tumbo na kitu kisichoonekana kwa macho, kisicho na chuki na mtu.

6. SUKARI NA CHUMVI

Kama kolera inaua kwa kukausha, dawa yake ni kurudisha maji. Serumu ya mshipani inafanya hivyo, lakini inataka sindano safi, chupa, na mtu aliyejifunza. Kwa nini wasimnyweshe mgonjwa maji tu? Walijaribu. Maji matupu hayakuingia mwilini vya kutosha, yalipita tu.

Mwaka 1960 Robert Crane, mtaalamu wa Marekani, alieleza katika mkutano wa Prague namna utumbo unavyopokea sukari. Alisema sukari na chumvi huingia kwa mlango mmoja, zimeshikana mkono. Yeye hakuwa akitibu kolera. Alitaka tu kujua utumbo unavyofanya kazi. Baadaye wengine wakaona maana yake: mlango ule haufungwi na kolera. Ukimpa mgonjwa chumvi pamoja na sukari katika maji, vyote viwili vinaingia, na maji yanavifuata.

Mwaka 1968 kule Dhaka, katika nchi inayoitwa leo Bangladesh, wachunguzi walilijaribu jambo hili kwa wagonjwa wenye kolera kali, nalo likafanikiwa. Mwaka 1971 vita vikaleta wakimbizi wengi mno mpakani mwa India. Katika kambi ya Bangaon serumu ikamalizika. Mganga Dilip Mahalanabis akaamuru wachanganye chumvi na sukari katika mapipa, na jamaa za wagonjwa wenyewe ndio wanyweshe, kikombe kwa kikombe. Kabla ya hapo karibu wagonjwa 30 katika 100 walikuwa wakifa. Baadaye walikufa 3 au 4 tu katika 100.

Shikeni kipimo hiki, kiandikeni ndani ya jalada la daftari: litre moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari visivyorundikwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Koroga, mnyweshe mgonjwa kidogo kidogo, hata akitapika endelea polepole, huku mkimpeleka kwa mganga. Msimwekee chumvi zaidi, ina hatari. Na msimngojee mpaka asubuhi.

7. ZIWA LETU

Sasa tushuke kwetu. Kolera ya siku hizi ilianza safari yake Indonesia mwaka 1961, ikaingia Afrika mwaka 1970, na mwaka 1978 ikafika mashariki ya nchi yetu, wakati ule ikiitwa Zaire. Tangu wakati ule haijatuacha kweli.

Mkongomani mwenzetu, mtaalamu Didier Bompangue, alichunguza jambo hili pamoja na wenzake, na mwaka 2008 wakatoa kazi yao. Walichukua hesabu za wagonjwa zinazoandikwa na zone za afya za Katanga na Kasai Mashariki, wakazipanga juu ya karta. Wakaona kwamba zone zilizo kando ya maziwa zina kolera kuliko zile zilizo mbali. Tena katika miji kama Kalemie, Uvira na Goma ugonjwa huweza kubaki wakati umekoma mahali pengine, na kutoka pale huanza tena safari. Basi lile daftari la mganga wetu si karatasi ya bure. Tone lake liliingia katika mto wa hesabu kama hizo.

Lakini kwa nini ziwa? Hapa wataalamu wameshindana, na ni vizuri tujue. Wengine walisema labda mikrobe inakaa majini, imeshikamana na wadudu wadogo sana wanaoelea, wale ambao ndagala huwala. Kule Bangladesh waliwafundisha akina mama kuchuja maji kwa kitambaa cha zamani kilichokunjwa mara nne, nao wadudu wale wakabaki kwenye kitambaa. Kazi iliyotolewa mwaka 2003, katika vijiji 65, ilionyesha kolera ilipungua karibu nusu. Wengine walisema hapana, mwenye kuisafirisha ni mtu. Mwaka 2017 wachunguzi wakatangaza kwamba wamesoma maandishi ya urithi ya mikrobe zaidi ya 1.000 zilizohifadhiwa kutoka nchi 45 za Afrika. Waliona zinafanana kama ndugu wa ukoo mmoja, na kwamba ukoo huo uliletwa Afrika kutoka Asia si chini ya mara 11. Hiyo inaonyesha kwamba safari za watu zina nguvu sana katika jambo hili. Ziwa letu lina urefu wa kilometa 670 hivi, na linagusa nchi nne. Mashua zinapita kila siku, na kila mashua ina watu, na kila mtu ana tumbo.

Kazi moja imenigusa kuliko zote, maana imefanyika katika ziwa hili hili, mji wa Uvira. Wachunguzi walichukua madaftari mawili. La kwanza liliandika kila siku mtambo wa maji wa mji umetoa maji kiasi gani. La pili liliandika kila siku wagonjwa wangapi wenye dalili za kolera wameingia hospitali. Walitazama kuanzia mwaka 2009 hadi mwaka 2014. Kila daftari peke yake halikusema kitu. Walipoyaweka pamoja, yakasema: siku robine ikikauka, katika siku 12 zinazofuata wagonjwa wanaongezeka kufika mara mbili na nusu kuliko maji yakitoka vizuri. Tena waliliweka wazo lao katika jaribio: kama robine ndiyo sababu, basi tofauti itakuwa kubwa zaidi katika mitaa inayotumia sana maji ya robine. Wakatazama, ikawa hivyo. Kazi hiyo ilitolewa mwaka 2015.

Mwaka 2020 watu wengi wa Uvira walipewa chanjo ya kolera ya kunywa. Kazi iliyotolewa mwaka 2024, ambayo wataalamu Wakongomani walikuwa mbele yake, ilionyesha kwamba hata dozi moja ilipunguza hatari karibu nusu, mwaka mmoja na zaidi baada ya kuinywa. Nusu ni nyingi, lakini si yote. Chanjo haiondoi kazi ya maji safi.

8. ELIMU NYINGI, KAZI MOJA

Wengine kati yenu husema: “Mimi niko wa barua, hesabu hainihusu.” Au: “Mimi niko wa biolojia, jografia ni ya nini?” Tuhesabu basi ni nani walioshinda kolera, pale iliposhindwa. Mtu wa jografia aliipanga juu ya karta. Mtu wa hesabu alilinganisha 315 na 37. Mtu wa fizika alitengeneza kioo cha darubini. Mtu wa biolojia aliona mikrobe. Mtu wa shimi alijua klore inaua mikrobe ile. Crane alichunguza sukari bila kuwaza habari ya kolera. Fundi wa mtambo wa Uvira aliandika daftari lake kila jioni. Mchungaji Whitehead hakuwa na shahada yo yote ya dawa, lakini alijua kukaa na wafiwa na kuuliza kwa upole. Hakuna hata mmoja aliyeimaliza kazi peke yake.

Kwa hiyo tushike mambo matatu.

Kwanza, tuandike kabla ya kusema. Tangu sasa daftari la bweni litaandika mgonjwa, siku, alichokula, maji aliyokunywa na mahali. Halitaandika uvumi.

Pili, tuulize ni kitu gani kingeweza kutushinda. Ukisema, “Fulani ndiye mwenye kosa,” ujiulize: nikiona jambo gani, nitakubali kwamba si yeye? Kama hakuna jambo hata moja, funga kinywa chako.

Tatu, maji ya kunywa ni ya pipa lenye klore, au yaliyochemka kabisa. Kama harufu inakuchukiza, acha maji kwenye ndoo iliyofunikwa muda kidogo, harufu itapungua. Na mikono ioshwe kwa sabuni baada ya choo na kabla ya bukari. Mwenye kushuka bandarini achukue maji yake katika bidoni.

9. NENO LA MWISHO

Kabla ya kutoa karatasi hii nilimpelekea yule mwenzetu aliyeshutumiwa, ili aisome na kukataa kama anataka kukataa. Nilikuwa nimekwisha kumwomba msamaha, peke yetu, na baadaye mbele ya bweni lote. Aliisoma yote akiwa amesimama. Halafu akaweka kidole kwenye sehemu ya kwanza, pale nilipoandika kwamba wanafunzi wawili wengine walikula katika chungu kile wakabaki wazima.

Akasema: “Yaya, tulikuwa batatu. Na mimi nilikula.”

Ni kweli. Yeye mwenyewe alikula chakula kile usiku ule, mbele ya macho yetu, na hakuugua. Ushahidi mkubwa kuliko wote ulikuwa umekaa mezani peke yake, na hakuna aliyemhesabu. Hata mimi, miezi imepita, nimesoma vitabu, nimeandika somo zima juu ya kuhesabu vizuri, nami nikamsahau. Nimeiacha hesabu yangu ya wawili pale juu ili mwone kosa lenyewe. Isahihisheni kwa kalamu: watatu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini wafanyakazi wa kiwanda cha pombe na mjane wa Hampstead walikuwa na maana kwa John Snow?
2. Hesabu: kwa nyumba 10.000, wafu 315 ni mara ngapi ya wafu 37?
3. Pettenkofer alikunywa mikrobe akapona. Eleza kwa nini jambo hilo halikuthibitisha wazo lake.
4. Kwa nini maji yenye sukari na chumvi yanamsaidia mgonjwa kuliko maji matupu?
5. Wachunguzi wa Uvira walitumia madaftari mawili. Taja madaftari mawili ya shule yetu ambayo tukiyaweka pamoja yangeweza kutufundisha jambo jipya.
6. Kumbuka siku moja ulipomshutumu mtu moyoni mwako. Ulihesabu nani, na nani ulimsahau? (Hili usiliandike. Ulijibu peke yako.)

Majibu ya swali la 1 hadi la 5 mpelekee kapita kabla ya siku ya posho ijayo. Mwenye kuona kosa katika somo hili aje aniambie, nitalisahihisha katika kijarida kinachofuata.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa mwisho
Kirungu